Jasusi Wetu Wamembadilisha

Michenzani, Unguja

Kaka Sabri,

Asalamu alaykum. Huku tuko wazima kiasi. Dada yetu Shadya keshaolewa, yuko Makunduchi, na mvua za vuli zimetuletea matope hadi mlangoni.

Ile filamu ya jasusi uliyokuwa ukiipenda imetoka nyengine. Steringi wa zamani walishamtoa miaka mingi, wakamtia kijana mwengine, lakini katika banda letu la video hakuna aliyelalamika. Baba ndiye aliyekuwa akiwatafsiria watu kwenye kipaza sauti, na kila sura iliyokuja ilizungumza kwa sauti yake.

Safari hii nimetafsiri mimi. Baba kafanyiwa operesheni ya koo, na daktari anasema sauti haitorudi. Nilipotamka maneno ya mwanzo tu, banda zima likapiga kelele: "Huyu siye! Jasusi wetu wamembadilisha!"

Baba alikuwa amekaa nyuma, mabega yakimtikisika. Sikugeuka tena kutazama kama analia au anacheka.

Kwa hivyo Ijumaa usimpigie simu kama ulivyozoea. Mwandikie. Simu ataipokea, nawe utadhani laini imekatika.

Nduguyo,
Muhiddin