Anasoma Mabango, Hawezi Kuomba Kwenda Chooni

Mshauri, nisaidie kabla sijagombana na nyumba nzima. Mimi ni fundi cherehani, mume wangu ni mchora mabango, na binti yetu ameanza darasa la kwanza muhula huu, na sisi tulijiona tumemwandaa kuliko watoto wote wa mtaa, maana baba yake alimchorea herufi na maneno ya mabango ukutani sebuleni kuanzia mlangoni hadi dirishani, na kila jioni anamsimamisha pale asome mpaka macho yanalegea, akikosea anaanza upya, na wageni wakija anaitwa awasomee, nasi tunavimba vichwa. Juzi mwalimu akaniita. Nikaenda kifua mbele nikijua ni sifa, kumbe nikamkuta mwanangu kakaa peke yake darasani, sketi imelowa, wenzake wako nje wanaruka kamba.

Mwalimu akaniambia taratibu, "Mama, huyu anasoma kuliko wote. Ila hawezi kuniambia anataka kwenda chooni. Akinyang'anywa penseli, analia tu. Kiatu kikifunguka, ananinyooshea mguu."

Nilitamani kujificha chini ya dawati. Nikamweleza baba yake, akasema mwalimu ni mvivu, tuongeze masomo ya jioni na tutafute shule nyingine. Mama mkwe, ambaye ndiye anayemlisha mtoto kwa mkono wake na kumbeba mgongoni hadi getini, akanigeukia: "Mkamwana, mtoto afunge viatu mwenyewe na mimi bibi yake niko hai?" Sasa kila siku ya shule mtoto tumbo linamuuma, leo ameng'ang'ania mguu wa cherehani hataki kutoka, na mimi nikifungua mdomo naambiwa simpendi. Nimechoka. Nikubali ahamishwe?

Mama Aliyechoka

JIBU

Mama, pole. Hiyo pole inatosha, sasa tuseme ukweli.

Usimhamishe. Huko shule mpya utampeleka mtoto yule yule. Mwalimu huyo amekuita akakueleza bila kukudhalilisha, na nyumbani kwenu anaitwa mvivu. Rudi ukamshukuru, na umwombe amkumbushe binti kwenda chooni mpaka azoee.

Umenieleza vizuri makosa ya baba na ya bibi. Na vifungo vya shati, asubuhi nani anamfunga? Nakisia ni wewe, kwa sababu una haraka. Basi mwamshe mapema, ajivalishe, na vikikaa upande mwache aende hivyo hivyo. Hakuna aliyekufa kwa kifungo kukaa upande. Wewe ni fundi, mshonee sketi ya mpira kiunoni aweze kuivuta mwenyewe. Hilo nalo lilihitaji mshauri?

Mama mkwe usishindane naye, mpe kazi. Awe mwalimu wa kuigiza, mjukuu anyooshe mkono aseme, "Mwalimu, naomba kwenda chooni," na aseme, "Hiyo penseli ni yangu, nirudishie." Wacheke, warudie. Kumbeba mgongoni kuishe. Amshike mkono watembee, kiatu kikifunguka amwelekeze bila kukigusa.

Mumeo anampenda mwanawe, hilo nimeliona, na herufi zake si mbaya. Lakini mtoto ametoka kusoma, anarudi nyumbani kusoma, atacheza lini? Jioni atoke na watoto wa jirani, asukumane nao, agombane, apatane. Huko ndiko anakojifunza kudai chake. Akirudi, baba amsimulie hadithi moja, mtoto alale mapema. Na wageni wakija muwape maji ya kunywa, muachane na kumfanya mtoto maonyesho.

Tumbo likimuuma hata siku zisizo za shule, mpeleke kwa daktari. Likiuma siku za shule tu, usimkemee wala usimbakize nyumbani. Mpeleke, umuage kwa maneno machache, uondoke. Usichungulie dirishani.

Msomee mumeo jibu hili lote. Na akitaka kumuuliza binti leo amesoma nini, mwambie kwanza amuulize amecheza na nani, kisha anyamaze amsikilize.