Nilimpa Isale, Sasa Hataki Hospitali

Bi Rukaya, shikamoo. Huwa nakusoma kila wiki na nacheka matatizo ya wenzangu, leo nimekuja na la kwangu na sioni cha kuchekesha, naomba tu unisaidie kabla ya Jumamosi, maana siku hiyo tuna mkutano wa kampeni na mimi ndiye mgombea.

Nagombea udiwani huku Kirua Vunjo kwa chama kidogo, kidogo kweli, hata mke wangu Gladness hulikosea jina lake, na sera yetu kubwa ni moja, kwamba matibabu yalipiwe na serikali kutoka kwenye kodi, mgonjwa asiulizwe bima wala chochote pale mlangoni, na hilo naliamini kwa moyo wote, naomba uniamini angalau hapo. Shida ni kwamba mikutano yetu watu huja kusikiliza muziki, ukizimwa wanaondoka, ndipo nikafikiria nifanye kitu watakachokikumbuka, nikakata isale kwenye mpaka wa kihamba chetu, shamba letu la migomba la ukoo, nikapanda nalo jukwaani.

Wewe ni mtu wa Moshi, unajua isale ni nini, lakini niwaeleze wasomaji wengine kwamba kwetu hilo ndilo jani la kuombea msamaha, ukimkosea mtu hata kosa zito ukamwendea nalo hawezi kukukatalia, na akishalipokea maneno yameisha, hakuna wa kuyafufua. Sasa hospitalini nako mgonjwa asiyelipa huitwa mgonjwa wa msamaha, basi nikacheza na neno hilohilo, nikasema nawaletea msamaha watu wote, si wazee peke yao, nikashuka nikalikabidhi lile jani kwa Mama Lukresia, ambaye ni mama yangu wa ubatizo, nikamwambia kwenye kipaza sauti, "Mama, kuanzia leo usihangaike na bima, sisi tunakuja." Watu walipiga makofi na mimi nikajiona kiongozi.

Bi Rukaya, yule mama ana sukari, na ana kidonda mguuni, na umri wake haujafika ule wa wazee wanaotibiwa bure. Mwanawe Aristides, anayelima mpunga Chekereni, alipanda huku kuja kumkatia bima na kumpeleka hospitali, mama akakataa katakata. Akamwambia, "Nimepokea isale mbele ya watu. Nikienda kulipa si ni kama nimelitupa? Nangoja." Amelichomeka juu ya mlango wake, limeshakauka, na kidonda anakiosha kwa maji ya chumvi, na sasa kinatoa harufu, ukikaa naye unaisikia. Aristides alinifuata akaniuliza, "Kaka, mama ulimwambia nini hasa?" nikamjibu kwamba wazee ndivyo walivyo, atatulia mwenyewe, na nikaondoka haraka.

Kinachoniumiza zaidi bado sijakisema. Gladness ni mwalimu, bima yake inakatwa kwenye mshahara, na mimi nimo humo kama mume, na wiki iliyopita tumbo lilinisumbua nikaenda mjini nikatibiwa kwa bima hiyohiyo ninayoisema vibaya jukwaani. Wakati wa kurudi nilipita kwa Mama Lukresia, dawa zikiwa mfukoni, akaniuliza, "Unatoka wapi mwanangu?" nikasema mambo ya chama. Akanibariki, akanipakulia kiburu cha ndizi na maharage, akasimama kwa mguu ule kunipakulia, na mimi nikala. Nilikula nikamaliza, Bi Rukaya, na tangu siku ile nikikutana naye njiani natazama chini.

Na sasa mwenyekiti wetu, Bwana Ebenezeri, amesikia habari za ule mguu na anataka Jumamosi mama apandishwe jukwaani watu waone serikali inavyowaacha wananchi, akaniambia, "Huo mguu ndio kampeni yenyewe, bwana." Sikumkatalia, nilitikisa kichwa tu kama mtu anayefikiri. Nikisema ukweli nitachekwa na chama kitachekwa, nikinyamaza mama atapoteza mguu. Nataka kumwomba msamaha lakini msamaha kwetu huombwa kwa isale, na isale nimeshalitumia kuombea kura, sasa nitamwendea na nini?

Mimi mwenye aibu, Kirua Vunjo.

*

Mwenye aibu, marahaba.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilikuhurumia, mara ya pili nikakasirika, na nakujibu hasira ikiwa bado ipo.

Kwanza nikuondolee mzigo usio wako. Chama chako kuwa kidogo si kosa, na kudai serikali itutibu kwa kodi zetu si kosa. Wapo watakaokuambia kodi haitoshi, wapo watakaokuambia bima inamwelemea mkulima wa migomba, na mabishano hayo tunayahitaji, hata yakitoka kwenye chama ambacho mkeo hakumbuki jina lake. Ungebishana tu, nisingekuwa na neno na wewe.

Lakini ulimpa mama wa watu jani asiloweza kulikataa, kisha ukamwambia asijitibu. Mimi si Mchagga, babu zangu walikuja mji huu kila mmoja na njia yake. Lakini nilipokuwa msichana jirani yetu mmoja aligombana na baba yangu kwa sababu ya ukuta, wakanuniana muda mrefu, mpaka siku moja akabisha hodi na isale mkononi. Baba, Mwislamu wa mjini asiyehusika na mila hizo, alilipokea kwa mikono miwili, na ukuta ule haukutajwa tena nyumbani kwetu. Kama sisi wa kuja tuliliheshimu, wewe uliyekua nalo mpakani mwa kihamba ulipata wapi ujasiri wa kulifanya tangazo?

Halafu ukala kiburu chake. Ndugu yangu, hapo niliweka barua chini kwanza.

Sasa nisikilize. Mwambie Ebenezeri leo kwamba mama hapandi jukwaani, na umwambie kwa mdomo, acha kutikisa kichwa. Mweleze Gladness yote, maana atayasikia kwa wengine na itakuwa vibaya zaidi. Kisha mfuate Aristides, umwombe radhi kwa kumkwepa alipokuuliza, mwende pamoja kwa mama. Ukifika usianze na sera. Mwambie hivi: "Mama, siku ile sikuwa nakuletea msamaha, nilikuwa naomba kura. Na mimi niliyekwambia usihangaike na bima, natibiwa kwa bima." Sema yote mawili, usimeze la pili. Halafu mwombe akurudishie lile jani, ulishushe wewe mwenyewe pale juu ya mlango. Kama mila inadai zaidi ya hapo mimi sijui, waulizeni wakubwa wa ukoo, lakini waulizeni kwa simu mkiwa mnateremka kwenda hospitali. Bima akijiunga leo huenda isimfae leo, kwa hiyo gharama ya kwanza ibebe wewe uliyemchelewesha, wala usimwachie Aristides.

Jumamosi panda jukwaani kama kawaida. Dai matibabu ya bure kwa sauti yako yote, na kwa sauti hiyohiyo waambie watu kwamba mpaka hapo yatakapopatikana, mwenye bima aitumie na mwenye kidonda asingoje uchaguzi. Waambie na wewe unayo. Watakucheka, tena sana. Udiwani huenda ukaukosa, na kwa chama chako nadhani ulikuwa unaukosa vilevile.

Unaniuliza umwendee na nini. Nilipiga ile namba uliyoacha mara tu nilipomaliza kusoma, ikaita mpaka ikakatika, nikapiga tena na tena hukupokea. Kwa hiyo nakwambia hapa gazetini, mbele ya watu, kama ulivyomwambia yeye. Mguu wa mwenye sukari ukianza kutoa harufu hauna muda wa kungoja mtu aone haya. Usiende na jani. Nenda na gari.