Mkwe Kaninyang'anya Ufunguo wa Mashine ya Majani Mbele ya Wageni

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na nikisema msaada sina maana ya kuonewa huruma, nataka uandike gazetini kwa herufi zinazosomeka kwamba mzee wa rika langu hanyang'anywi ufunguo na mke wa mwanawe, kwa sababu hapa nyumbani nimeshasema mpaka koo limekauka na hakuna anayenisikiliza, wote wamekaa upande mmoja na mimi nimebaki upande wangu peke yangu na redio.

Mimi ni dereva mstaafu wa greda, milima nimeikata, barabara nimezichonga, mashine yenye magurudumu yanayonizidi urefu nimeiendesha pembezoni mwa korongo mvua ikinyesha na sijawahi kuipindua, sasa niambie wewe, mtu kama huyo anafundishwa kuendesha kimashine cha kukatia majani ambacho ukikikalia magoti yanakaribia kidevu? Mimi na mke wangu tunaishi kwa mwanangu, yeye na mkewe wana kiwanja kikubwa cha majani nyuma ya nyumba wanakikodisha kwa harusi na sherehe, na mwanangu alipochoka na wafyekaji akanunua mashine ya kukalia, ile yenye usukani mbele na visu chini ya tumbo, akanikabidhi ufunguo akasema Baba, hii ni yako, na tangu siku hiyo, sikufichi, nilijiona mtu tena, maana kustaafu kulikuwa kumenikalisha barazani kwenye kiti cha plastiki kama mzigo unaosubiri mwenyewe.

Mjukuu wangu wa pekee, binti wa miaka mitatu, ndiye utingo wangu. Namkalisha pajani, anashika usukani, tunazunguka kiwanja anaimba na mimi naitikia, na mtoto ameipenda ile mashine vibaya sana, akisikia tu inanguruma anaacha sahani mezani anatoka mbio, juzi juzi nilikuwa narudi nyuma kwenye kona ya choo cha wageni nikasikia kicheko, kugeuka namwona ameshashika kiti kwa nyuma anang'ang'ania kupanda, nikacheka mpaka machozi yakanitoka, nikamwambia bibi yake huyu ni damu yangu, huyu atakuja kuwa dereva. Bibi yake hakucheka, nikadhani meno yanamsumbua.

Sasa tukio lenyewe. Ilikuwa siku moja kabla ya harusi, wapambaji wako juu ya ngazi wanafunga vitambaa, shangazi wa bibi harusi wamekuja kukagua uwanja, mimi namalizia ule mteremko unaoshukia mtaroni, naupita kwa ubavu kama ninavyofanya siku zote, umande ulikuwa haujakauka sawasawa lakini kazi ni kazi, mtoto yuko pajani, nikakata kona, gurudumu la juu likanyanyuka kidogo, nasema kidogo, mtoto akateleza upande wa chini, nikamdaka kwa gauni. Nilimdaka, mshauri, hakugusa chini. Mashine yenyewe haikuzimika, maana kile kiswichi cha chini ya kiti kinachozima injini ukinyanyuka nilishamwambia fundi akifunge kwa waya, kilikuwa kinanikera, kila nikijiinua kumweka mtoto vizuri injini inakata. Kwa hiyo hakuna kilichoharibika, nikamrudisha pajani, nikataka kuendelea na kazi.

Ndipo mke wa mwanangu akatokea kwenye kamba za nguo, mguu peku, shuka bichi bado liko begani, akapita katikati ya wale shangazi, akanyoosha mkono akazima injini, akachomoa ufunguo, akamchukua mtoto. Hakupiga kelele, na afadhali angepiga. Alisema, "Baba, mtoto wangu si abiria wa mashine hii. Shuka."

Shuka, naambiwa mimi, mbele ya wapambaji na wageni wenye simu mkononi. Mshauri, nilivuliwa nguo mchana kweupe. Nimetoa sharti, aniombe radhi mbele ya watu kama alivyoniaibisha mbele ya watu na anirudishie ufunguo wangu, la sivyo nafunga virago nakwenda nikujuako mwenyewe. Yeye kajibu kwa upole, na huo upole ndio unaoniudhi, kwamba siku akimwona mtoto juu ya mashine tena ataondoka naye kwenda kwa mama yake na hatarudi. Mwanangu anatazama simu. Mke wangu ananiwekea chakula anarudi jikoni. Mjukuu haachwi tena na mimi peke yangu hata barazani, daima kuna mtu amesimama mlangoni anajifanya anafagia, na hilo, ukitaka kujua ukweli, ndilo linalonikata maini. Lakini radhi siombi, sijakosa, nilimdaka. Niambie nimweleze nini huyu mwanamke ili ajue nafasi yake.

Babu Asiyekubali

*

Babu Asiyekubali,

Pole. Naanza na pole kwa sababu baada ya hapa sina nyingine ya kukupa.

Ile ya kiti cha plastiki imeniingia. Mtu aliyezoea kuamka asubuhi akijua kuna barabara inamsubiri, halafu anaamka hakuna kinachomsubiri ila chai, huyo anaumia, na watoto wake wasipoliona hilo ni wajinga. Mwanao aliliona. Alikupa kazi ya kweli, si ya kukupoza. Kwa hiyo tuzungumze kama watu wa kazi, usinitolee uzee.

Umeniambia ulimdaka, ukarudia, ukamalizia nayo. Haya, ulimdaka kwa mkono upi? Kama ni mkono wa usukani, nani alikuwa anaendesha mashine pale juu ya mtaro? Na lile gauni, mzee wangu, mishono yake uliikagua asubuhi? Gauni ndilo lililobaki kati ya mjukuu wako na visu, na wewe unaniandikia kwamba hakuna kilichoharibika.

Ukaipenyeza na habari ya waya katikati ya maelezo ukidhani nitaipita. Sikuipita. Nilipofika hapo niliiweka barua mezani nikatoka nje kupunga upepo. Kile kiswichi kiliwekwa kwa ajili ya wakati kama ule ule uliokupata, mtu kanyanyuka kitini, injini izime, visu visimame. Wewe ulikifunga ili mtoto akae vizuri. Kilikuwa kinakata kwa sababu kiti kile ni cha mtu mmoja, na kilikwambia hivyo kila siku kwa lugha pekee kinayoijua.

Na bibi wa mtoto hakuwa na tatizo la meno. Alielewa kicheko kile kimetokea wapi. Umemfundisha mtoto wa miaka mitatu kwamba mngurumo maana yake ni njoo. Haji kwa sababu umemwita, anakuja kwa sababu injini imewaka. Siku hiyo alicheka ukamsikia. Kuna siku atakuja kimya, amejaza mkate mdomoni, na wewe unarudi nyuma huku shingo imekakamaa. Kwenye greda ulikuwa na watu wa bendera wanaozuia watu wasisogee, na kibarua aliyekaribia gurudumu ulimfukuza kwa matusi, nawajua nyie. Sasa hapo nyumbani mwenye bendera ni nani, kama si huyo mwanamke mwenye shuka begani?

Unataka ajue nafasi yake. Anaijua. Ni mama wa mtoto, na aliikimbilia nafasi hiyo mguu peku. Heshima ya mkwe ni kukuamkia, kukusikiliza, kutokukujibu ovyo. Haimo ndani yake kusimama kwa adabu huku mwanawe anamwagwa mtaroni. Amekuita Baba hata pale alipokuwa anamtoa mtoto pajani mwako, na hata leo anakujibu kwa upole. Mimi nisingekuwa mpole. Watakaoniandikia kwamba nawafundisha wakwe ujeuri waandike tu, anwani wanayo, na jibu langu litakuwa hili hili.

Hao shangazi wa bibi harusi pia waache. Hakuna aliyekuona umevuliwa nguo. Walimwona mtoto ananing'inia.

Na wewe kijana, mume wa huyo mwanamke, unayetazama simu wakati baba yako na mkeo wanavunja nyumba: weka simu chini. Mashine ni yako, uwanja ni wako, mtoto ni wako. Umemwachia mkeo aonekane mbaya peke yake, na huo si upole, ni woga.

Sasa fanya hivi, Babu, na usinibadilishie. Mwite fundi yule yule akate ule waya mbele yako, kisha umwombe mkwe wako radhi. Ndiyo, wewe. Si lazima mbele ya watu, jikoni panatosha, na usianze na neno "lakini". Mwambie ufunguo abaki nao yeye. Siku ya kukata majani utamwomba, naye atakupa ikiwa mtoto yuko ndani tayari na kuna mtu mzima anayemshika, kumshika hasa, si "yupo yupo sebuleni". Kabla hujawasha, tembea uwanja mzima kwa miguu, maana sherehe zikiisha hubaki vigingi vya mahema na vipande vya nyaya kwenye majani, na kisu kikikigonga kigingi hakichagui wa kumrushia. Majani yakiwa na umande, subiri. Ule mteremko ukate kwa kupanda na kushuka moja kwa moja, usiupite tena kwa ubavu, na ile sehemu iliyokaribia mtaro iache kabisa, chukua fyekeo, bado una mikono. Kabla ya kurudi nyuma, zima visu, geuka utazame, tazama mpaka chini, mjukuu wako ni mfupi. Ukitaka kushuka, hata kama ni kuokota kijiti tu, zima injini na uchomoe ufunguo kwanza. Ukiona hayo yote yanakudhalilisha, basi hukuwa dereva wa greda, ulikuwa na bahati tu.

Virago fungua. Huendi popote, wala hutaki kwenda, na kama si hivyo usingeniandikia kuhusu mtu anayejifanya anafagia mlangoni.

Limebaki la mwisho, na hili usimtume bibi yake wala mama yake. Mtoto atakuomba umpandishe. Mkatalie wewe, kwa mdomo wako, ili asije akaamini kwamba babu anataka ila wengine ndio wanaomzuia. Atalia. Atakwambia hakupendi tena, na utaumia kuliko ulivyoumia mbele ya wageni. Usilegee. Atapiga miguu chini kwa hasira. Mwache aipige, bado anayo yote miwili.