Utabiri wa Bara

Mwenzangu, nimekwisha. Nimejifungia chooni hapa kazini, ofisi ya hali ya hewa.

Unakumbuka Jumatatu niliposoma redioni utabiri wa msimu, ukanitania eti nina sauti ya waziri? Basi sehemu ya bara ilikuwa ya mwaka JANA.

Ya mwaka jana!!

Si unajua tunavyofanya hapa, tunachukua faili la zamani tunabadilisha tarakimu. Pwani nilibadilisha yote, joto, upepo, mawimbi. Bara nikasema nitaimalizia baada ya chai. Sikuimalizia. Nikatangaza mvua kuanzia wiki ijayo, wakulima wapande. Na utabiri wa mwaka huu, bara hakuna hata tone, miezi miwili ijayo jua tupu.

Nimegundua leo. Nikampelekea bosi, kasoma, kisha ananiambia, "Tutasahihisha Jumatatu, kwa lugha ya taratibu."

Lugha ya taratibu! Mbegu ziko ardhini!

Hapo hapo mama akapiga simu kutoka kijijini, huko huko bara. Furaha tele, hata salamu hakumaliza. "Nimekusikia, mwanangu! Nimepanda mbegu zote, sijabakiza hata kikombe." Majirani walikuwa wanasita, akawaambia, "Huyo ni binti yangu, hawezi kunidanganya." Wamepanda kijiji kizima.

Nilifungua mdomo nimwambie. Naapa nilifungua.

Akaniuliza, "Sasa mvua yenyewe inaanza siku gani hasa?"

Nikamwambia Alhamisi.