Kikohozi cha Salfa

Nandagala, Ruangwa
27 Novemba

Kwa dada yangu Ashura,

Shikamoo dada. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji Amri na wanao. Huku tupo, Mungu anatusogezea siku. Mvua za kwanza zimenyesha, na korosho za mwisho tumeziokota zikiwa zimelowa. Arobaini ya mama ilisomwa vizuri. Imamu alikosea jina lake mara mbili, nami nikakaribia kucheka, maana mama angemsahihisha palepale.

Nimepata ujumbe wako kuhusu mwanao Yasmini. Umesema tangu mwezi uliopita mtoto hataki kula, jioni mwili unachemka, anakohoa, na sare ya shule imekuwa kubwa kama si yake. Umesema mama mkwe amempa dawa ya minyoo mara mbili. Dada, sidhani kama ni minyoo. Nimekupigia simu mara tatu, na kila nikisikia sauti yako naishia kuulizia bei ya korosho huko Nachingwea. Ndiyo sababu naandika.

Nianze na bi Hajira, jirani yetu. Siku ya mazishi ulimuuliza mbele ya watu kama amekuja kuzika au kuchagua wa kufuata. Watu walicheka wakidhani ni utani wa msibani, kwa kuwa yeye ni mtani wetu. Naye akakujibu kwa utani, kwamba kikohozi chake kimekuzidi umri, na ulipozaliwa ndicho kilichokupokea. Lakini wewe hukucheka, na ulipoondoka maneno yalibaki, kwamba ndiye aliyemwambukiza mama TB. Kisimani wanamwacha achote kwanza, akiondoka ndipo wanasogea. Sahani aliyolia chakula msibani ilitupwa jalalani. Ni yeye yule aliyekaa na mama barazani miaka ishirini wakimenya karanga, mama akimwita redio mbovu kwa sababu ya mlio wa kifua chake.

Wiki mbili zilizopita alikwenda hospitali mwenyewe. Alipimwa makohozi na kupigwa picha ya kifua. Hana TB. Ana pumu, na amekuwa nayo tangu usichana.

Nesi aliyempima ndiye aliyemhudumia mama, anaitwa Doreen. Nilimuuliza ugonjwa huu unaingiaje katika nyumba. Alinieleza bila haraka. Alisema haumo kwenye sahani wala kikombe, wala hauji kwa kupeana mikono. Umo katika hewa anayoitoa mgonjwa akikohoa, akipiga chafya, hata akiimba. Aliniambia nifikirie tunavyopulizia unga wa salfa kwenye mikorosho kuua ukungu. Siku ya upepo vumbi linapeperuka na kupotea. Siku ya utulivu linaning'inia chini ya mti, na kila apitaye analivuta. Tofauti ni kwamba vumbi hili la ugonjwa hulioni. Chumba kilichozibwa ndicho cha hatari, na wazee na watoto ndio wanaozidiwa upesi.

Nikakumbuka chumba cha mama. Unajua alivyochukia baridi ya Juni. Dirisha aliliziba kwa gunia, na nyufa za mlango akazisokomeza matambara, moja likiwa kipande cha kanga yako ya zamani, ile ya ndege.

Sasa kaa chini, dada.

Aliyeuingiza ugonjwa ni mimi. Januari, nilipokuwa nabeba magunia ghalani huko Nachingwea, nilipimwa nikakutwa na TB. Nilipewa dawa za miezi sita. Nilizimeza miezi miwili, nguvu zikarudi, nikajiona nimepona. Wenzangu katika kambi ya wabeba magunia walikuwa wameanza kuhamisha mikeka yao mbali na wangu. Nikarudi nyumbani na sikumwambia mtu.

Juni kikohozi kikarudi. Ulikuwa msimu wa kupulizia, kila mwanamume kijijini anakohoa. Nikasema ni salfa. Mama alinichemshia tangawizi, akaniita chumbani kwake penye joto, na kila jioni nilikaa humo akinisimulia habari za babu. Yasmini alikuwa kwetu kwa likizo, analala na bibi yake. Alikuwa ananiigiza ninavyokohoa, na mama akicheka mpaka anajifuta machozi. Nami nilicheka.

Mama alipokutwa na TB mwezi wa Septemba, Doreen aliniuliza nani wengine wamelala katika nyumba ile. Nilisema ni mimi na mama tu, na kwamba nimeshapimwa. Sikumtaja Yasmini, kwa sababu ningemtaja ungeniuliza maswali. Na siku ulipomnyooshea kidole bi Hajira, nilisimama hatua tatu kutoka kwako. Nikanyamaza.

Juzi nilikwenda kwa Doreen nikamwambia yote. Hakunigombeza. Alifungua daftari akaandika jina la Yasmini. Mimi nimepimwa tena na nimeanza dawa upya. Amesema mtoto akiwahiwa anapona, na dawa ni bure, ila azimalize zote hata akiwa amechangamka. Mpeleke leo. Mwambie daktari kwamba mjomba wake ana TB na alikatisha dawa. Usione aibu kunitaja. Nawe upime, na watoto wengine pia.

Aliyekukabidhi barua hii, bi Hajira, anayajua yaliyomo. Nilimweleza kabla yako. Akasema habari ya namna hii haitumwi kwa dereva wa bodaboda. Amesema ukimruhusu atambeba Yasmini mgongoni kwenye foleni. Usipomruhusu, atakaa nje ya geti la hospitali mpaka majibu yatoke.

Msalimie shemeji, na mama mkwe umpe pole ya kuuguza. Hasira yako nitaipokea, ije kwa simu au ije kwa miguu. Ila usinijibu kwanza. Nenda.

Ni mimi mdogo wako,
Masoudi