Baada ya Kumtoa Samaki wa Buluu

Jumatano, kambi ya wakimbizi ya Dzaleka. Manyunyu tangu asubuhi, na baridi ya Juni inayopenya hadi kwenye godoro. Sina hasira usiku huu, na jambo hilo linanitisha.

Nimerudi kutoka Lilongwe nyuma ya pikapu, nimelowa chapachapa. Kila Jumatano nawafundisha Kifaransa watoto wa Mama Tiyanjane, mtaa wa Area 18. Enzi za utawala wa chama kimoja nchini hapa, mama huyo aliishi ukimbizini Dar es Salaam, akarudi na Kiswahili safi. Sebuleni kwake kuna tangi la kioo lenye mbuna, samaki wadogo wa rangi wanaoishi kwenye mawe ya ziwa la huku.

Nimewatazama kwa miezi. Dume mmoja wa buluu, mwenye mistari myeusi, alikuwa ameling'ang'ania pango la katikati. Aliyekatiza mbele yake alifukuzwa hadi kona ya juu, mapezi yamechanika. Nimepigana na watawala kwa kalamu tangu ujana wangu. Sikuweza kumvumilia dikteta wa urefu wa kidole.

Wiki iliyopita nilimhutubia Mama Tiyanjane mpaka chai ikapoa. Mtoe huyu, nikamwambia, wengine watapumua. Akamtoa, akamweka kwenye ndoo kubwa.

Leo nimekuta vita.

Madume wawili waliokuwa wakijificha nyuma ya pampu ya hewa walikuwa wameumana midomo, wanavutana, kila mmoja akilitaka lile pango. Jike mmoja alikuwa amebeba mayai kinywani, maana ndivyo wanavyolea hawa, na siku zote za kuyabeba hakula kitu. Wamemkimbiza mpaka akayatema. Wenzake wakayala.

"Uliongea vizuri sana, mwalimu," Mama Tiyanjane aliniambia. "Tatizo samaki hawajui Kifaransa."

Hakucheka. Wala mimi. Aliyatoa mawe yote, akayapanga upya, pango moja likawa mianya mingi midogo. Ndipo akamrudisha yule wa buluu. Alizunguka tangi zima kama mgeni asiyejua aketi wapi. Baadaye akashika ufa mmoja, akamfukuza jirani kidogo, akaacha.

Nawachukia watu wanaogeuza kila mnyama kuwa hotuba. Nimewadhihaki hadi magazetini. Kwa hiyo naandika tu mambo ya hapa kwetu.

Kesho kuna mkutano wa mstari wetu wa nyumba. Ajenda ni Jumaa, mfanyabiashara kutoka Kindu, ambaye mlango wake unatazamana na bomba la maji. Yeye huamua ndoo ya nani itangulie. Wajane wa Burundi husimama hapo mpaka jua linakuwa kali. Watu wanataka ahamishwe na familia yake hadi mwisho wa kambi, kule maji hayafiki. Mkewe ana kichanga. Msemaji ni mimi. Hotuba iko tayari, na ni kali.

Jioni nilimsomea mke wangu Esperansi, mtu wa Uvira, huku akisonga ugali. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Iko bien, baba Aline. Sasa Jumaa akitoka, ni nani atabakia pale ku bomba?"

Nikasema kamati itaamua.

"Kamati gani? Nyumba ya pili njo yetu. Bamama banasema tayari: sasa tutakuwa tunaomba mwalimu maji." Akaugeuza ugali. "Na we unapenda kuombwa. Usinidanganye."

Nilikasirika. Nikatoka, nikasimama kwenye manyunyu, nikalitazama bomba, hatua chache tu kutoka mlangoni kwetu.

Nilikuwa nimeshachagua mahali pa kuweka benchi langu.

Ndiyo, benchi. Chini ya ukingo wa bati, ili niisimamie foleni kwa haki. Kwa haki!

Kesho sitamtetea Jumaa. Ni mwonevu, na nitamwambia usoni. Lakini nitaomba abaki, na usimamizi wa bomba uzunguke nyumba hadi nyumba, kila wiki, ukianzia kwa wajane, mwisho wa mstari wetu. Zamu yangu iwe ya mwisho kabisa. Wanaokuja kunisikia nikinguruma watanizomea. Huenda Jumaa ndiye atakayeanza kucheka.

Nimesimama mbele ya askari na sikutetemeka. Je, nitaweza kusimama mbele ya majirani zangu na kusema jambo dogo kama hili, kisha nikakaa chini?