Sauti ya Kiai Tabrani

Karangwuni, 3 Septemba

Mwanangu Zuhri,

Assalamu alaikum. Natumaini barua hii itakukuta mzima, unakula chakula cha kueleweka na si tambi za pakiti kila siku. Huku hatujambo, isipokuwa goti langu, ambalo limezoea kulalamika.

Kaseti za mawaidha ya marehemu baba yako, Kiai Tabrani, nimempa jirani yetu Bu Lastri akuletee, zote arobaini na moja. Zisafishe sauti kama ulivyoahidi. Hauli yake, dua ya mwaka wa tatu tangu afariki, ni mwezi ujao, na wanafunzi wake wa zamani wanataka kumsikia tena Kiai wao, mwalimu wao wa dini.

Pak Handoyo, yule anayegombea ukuu wa wilaya, amekuja tena. Anataka wakfu wetu utoe shamba la mpunga ili wageni wajenge kiwanda cha nikeli. Nikamwambia, "Bwana, shamba hilo linalisha wanafunzi mia mbili wa madrasa yetu, na baba yake Zuhri amelala pembeni yake." Akacheka, akasema, "Nyai, mke wa Kiai, wewe mgumu kama jiwe." Wasimamizi wa wakfu tuko watano, na wote tumekataa.

Mama yako

*

Jakarta, 19 Septemba

Mama mpenzi,

Wa alaikum salaam. Nakubusu mkono kwa mbali. Mimi mzima, na tambi za pakiti sili kila siku, Ijumaa huwa napumzika.

Kaseti zimefika. Sauti imetakata mpaka unamsikia Baba akivuta pumzi. Hapa ofisini kwetu, kwenye mashine za sauti, kazi imezidi kwa sababu ya uchaguzi.

Lakini Mama, msiwe wagumu sana. Wachina upande huu, Wamarekani upande ule, wote wanapigania nikeli ya betri. Tusipowakaribisha sisi, watakwenda kwa jirani. Hivi Baba aliwahi kusema lolote kuhusu lile shamba?

Mwanao, Zuhri

*

Karangwuni, 24 Oktoba

Zuhri,

Assalamu alaikum. Leo sina salamu ndefu.

Jana kwenye hauli simu za watu zililia kwa pamoja. Ulikuwa ujumbe wenye sauti ya baba yako. Kikohozi chake, na ile "wanangu" yake ya kuvuta. Akawataja wasimamizi wenzangu wanne kwa majina, akasema: toeni shamba, mchagueni Handoyo, huo ndio wasia wangu. Watu walilia. Pak Rusmadi, aliyemtumikia miaka thelathini, alipiga magoti.

Nikasimama nikasema, "Si yeye! Maiti hatumi ujumbe!"

Pak Rusmadi akanijibu kwa upole, "Nyai, utuwie radhi. Mawalii husema hata wakiwa kaburini. Na sauti ya mwalimu wetu tunaijua."

Mwingine nyuma akapaza, "Nyai kahongwa na upande wa pili!"

Wasimamizi hao wanne watatia sahihi Jumatatu, tarehe kumi mwezi ujao. Wakitia, shamba limekwenda, kura yangu moja ya kukataa haitoshi.

Kaseti zile nilimpelekea mtu mmoja tu duniani. Nijibu.

Mama yako

*

Jakarta, 30 Oktoba

Mama,

Sijui nianzeje. Ni mimi.

Mkubwa wangu kazini aliniambia niilishe mashine kaseti zile ijifunze kusema kama Baba, akasema ni jaribio tu. Aliponipa maneno ya kumsemesha Baba, nilijua si jaribio, nikaendelea. Mashine ilipotamka "wanangu" nililia, Mama, halafu nikaituma.

Nilikula kiapo cha siri kazini, nikisema watanifunga. Lakini nimesema. Leo nimejirekodi video, uso wazi, nimeeleza yote na kuiweka mtandaoni. Itawafikia. Nisamehe.

Mwanao

*

Karangwuni, 5 Novemba

Mwanangu,

Assalamu alaikum. Unakula? Unapata usingizi?

Video yako imefika. Wanasema ni ya bandia. Pak Rusmadi kaitazama mara mbili, akanirudishia simu. "Nyai, siku hizi mashine inatengeneza mtu mzima. Huyu si Zuhri wetu. Zuhri hawezi kumfanyia baba yake hivi." Nilitaka kucheka nikashindwa.

Nina hasira na wewe, tena sana. Lakini njoo Jumatatu, kwenye kutia sahihi. Njoo na mwili wako, wakushike mkono, wakuone ukitokwa jasho. Handoyo ameshakushtaki kwa kueneza uongo, na polisi watakuwapo. Sitaweza kukuficha. Hata hivyo nakuita.

Mama yako

*

Karangwuni, 17 Novemba

Mwanangu,

Assalamu alaikum. Huko mahabusu wamekupa blanketi? Nimempa wakili barua hii, tempe ya soya ya kukaanga na saruni mbili.

Polisi walipokuchukua Jumatatu, baada ya wewe kukiri mbele ya wote kwa mdomo wako, hukuona yaliyofuata. Wale wanne walizichana karatasi za kutoa shamba. Shamba limebaki. Kina mama walionitukana wameniletea ndizi. Nimezipokea, ingawa sijawasamehe wote.

Juzi Pak Rusmadi alikuja peke yake. Nilidhani kaja kuomba radhi. Akakaa, akaizungusha kofia yake mkononi, akaniuliza, "Nyai, huyo mtoto akitoka, anaweza kumfanya Kiai anisomee Fatiha? Siasa hapana. Fatiha tu."

Nilimfukuza. Mzee wa watu, nilimfukuza kwa kelele.

Kisha nikafunga mlango, nikachukua simu. Sauti ile nimeisikiliza kila siku tangu hauli, Zuhri, hata siku ile niliyosimama kuikana. Najua si yeye. Ukitoka, ifute wewe. Mimi nimeshindwa.

Mama yako